Nyuki Aliyeijua Nguo

Paukwa!

Pakawa!

Mnaitika kama watu wenye koo bovu. Nami leo sitaki koo bovu hapa, maana hadithi yenyewe inaanzia kooni. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Zamani za kale, na hata leo asubuhi, palikuwa na nchi. Nchi hiyo haikuwa na mfalme. Ilikuwa na ukuta mmoja, ukuta wa Ngozi, nao uliizunguka nchi yote. Ilikuwa na mito mingi, na maji ya mito hiyo yalikuwa mekundu. Mito yote ilitoka mahali pamoja, na yote ilirudi mahali pale pale. Mahali hapo ni Moyo.

Nchi hiyo ni mwili wa mtoto. Mtoto mwenyewe aliitwa Mize, binti wa Bi Tufaha. Mize alicheza, alikula, alilala, wala hakujua kwamba ndani yake mna nchi na wakazi wake.

Nitawapa majina ya miji ya huko, nanyi myashike kama yalivyo. Ndani ya mifupa ulikuwamo mji wa Uboho. Walinzi wote wa nchi walizaliwa humo. Nyuma ya mfupa wa kifua palikuwa na chuo, chuo cha Thimasi. Wanaoingia chuo hicho ni wengi, wanaotoka ni wachache, na wasiotoka hawaulizwi. Ubavuni kushoto palikuwa na Wengu, mahali wanapozikwa wazee wa damu. Wengine huita bandama. Ni mji ule ule. Shingoni, kwapani na kinenani vilikuwako vituo vya ulinzi, navyo jina lao ni Mitoki. Na mlango wa koo ulikuwa na minara miwili, mmoja kulia, mmoja kushoto. Hiyo ni Mafindo.

Basi, Nyuki alizaliwa Uboho.

Alizaliwa na wenzake wengi, na kila mmoja alikuja na mwiba wake, na kila mwiba ulijua nguo ya aina moja tu. Huyu mwiba wake ulijua nguo ya madoa. Yule, nguo ya miraba. Nyuki wetu mwiba wake ulijua nguo ya mistari: mstari mwekundu, mwembamba, na ukingo wa manjano. Nguo nyingine yoyote, mwiba wake ulilala.

Palikuwa na mila Uboho. Kabla nyuki hajatoka, aliletewa nguo za watu wa nchi azione. Akiona nguo ya mwenyeji, mwiba ukasimama, hatoki. Hana rufaa. Anafia pale pale alipozaliwa, na mama zake hawamlilii, kwa sababu mlinzi atakayemchoma ndugu anaogopwa kuliko adui.

Nyuki akaletewa nguo ya Ini. Mwiba ukalala.

Akaletewa nguo ya Figo. Mwiba ukalala.

Akaletewa nguo ya Damu yenyewe. Mwiba ukalala, fofofo.

"Pita," akaambiwa. "U mlinzi."

Lakini nguo moja haikuletwa. Hakuna aliyeificha. Ilikuwa nguo ya bawabu wa Moyo, na bawabu wa Moyo hana siku ya kutoka. Mlango wake hausimami kwa sikukuu wala kwa msiba. Nguo yake haikufika Uboho, wala hakuna aliyeikumbuka.

Bawabu huyo alikuwa Njiwa.

Nyuki akaingia mtoni. Mto ukamchukua, vuu, mpaka Moyoni. Pale akasikia mlango: dup-tap. Dup-tap. Dup-tap. Njiwa alikuwa anafungua kwa bawa moja na kufunga kwa bawa la pili.

"Nani huyo anayekuja na kelele?" Njiwa akauliza.

"Ni mimi, Bi Njiwa. Nyuki. Mgeni kazini."

"Mgeni kazini, na mvumo wote huo! Ukizoea kazi je? Pita, mwanangu. Pita upesi, nafunga."

Tap!

Nyuki akapita huku anacheka. Mto ukamzungusha nchi nzima, ukamrudisha. Dup-tap. Akapita tena. Akawa anapita kila siku, na kila akipita wanasemezana, mpaka wakaacha kuitana Bibi na mwanangu. Wakaitana somo.

"Somo, leo umenenepa," Njiwa husema.

"Nimenenepa kwa lipi? Sijapigana hata vita moja. Nimekuwa mlinzi wa kula upepo."

"Omba uzeeke hivyo hivyo. Pita, nafunga."

Tap!

Sasa sikilizeni jambo hili, ndilo lenye hadithi. Nyuki alimjua Njiwa macho yake. Alijua manyoya ya shingo yake, jinsi yanavyong'aa mto unapopita. Alijua sauti yake hata kwa mbali. Nguo yake hakuijua. Mtu unayempenda huangalii kavaa nini.

Na vituoni, kwenye Mitoki, walinzi walikuwa na wimbo wao. Waliimba ili wasisahau sheria, maana adui hubadilisha uso kila akija. Nitauimba, nanyi mniitikie "zzz".

Sura hubadilika. — Zzz!
Nguo haibadiliki. — Zzz!
Naijua nguo, sura siijui. — Zzz!

Nyuki aliuimba vizuri kuliko wote.

Siku moja Tandu waliingia nchini. Waliingia kwa mdomo, wakashukia kwenye Mafindo. Miili yao ilikuwa mapingili kwa mapingili, imeungana kama tasbihi. Wakatoboa ukuta wa mnara, wakaingia, wakaanza kuzaana.

Wa kwanza kufika walikuwa Siafu. Siafu hawaulizi nguo. Chaka-chaka-chaka, wakaja maelfu kwa maelfu kutoka Uboho, wakauma, wakafa. Wakaja wengine, wakauma, wakafa. Ule weupe mnaouona kwenye koo la mgonjwa mkauita usaha, ni maiti za Siafu. Hakuna awazikaye. Hutemwa.

Nje ya nchi, Mize akamwendea mama yake.

"Mama, koo linanikata."

"Fungua kinywa. Sema aa."

"Aaa."

"Mh! Limeota weupe. Na mwili umechemka. Kesho nikupeleke hospitali."

Bibi yake Mize, Bi Mwanakheri, alikuwa anachambua mchele. Akainua uso.

"Tufaha, koo nalo la kupelekwa hospitali? Nani katika nyumba hii hakuumwa koo? Wewe mwenyewe uliumwa mpaka ukakosa sauti, tukashukuru nyumba ilitulia. Msukutuze maji ya chumvi."

"Lakini mama, amechemka."

"Atapoa."

Mize akasukutua maji ya chumvi, na mama yake akangoja. Turudi ndani.

Fisi alifika kwenye Mafindo. Fisi wa nchi hiyo kazi yake ni kula adui na kula maiti, na kazi hiyo haimchoshi. Akamla Tandu mmoja. Akamla wa pili. Akajipangusa mdomo. Lakini alikuwa na amri: kila amlaye, abakize kipande cha nguo yake, akipeleke kituoni. Akabakiza kipande, akaenda nacho, kiguu na njia, mpaka kwenye Mtoki wa shingo.

Pale alikaa Korongo, aliyesoma chuo cha Thimasi akatoka hai. Bila neno la Korongo, hakuna mwiba unaofanya kazi.

"Umechelewa," akasema Korongo.

"Nilikuwa nakula, bwana mkubwa. Nawe uliyesimama tu hapa, ulikuwa unafanya nini?"

"Lete nguo, acha maneno."

Fisi akatandaza kipande. Kilikuwa cha mistari: mstari mwekundu, mwembamba, na ukingo wa manjano.

Kituoni mlikuwa na nyuki wengi. Miiba yote ililala. Mmoja tu ulisimama, twaa! Ulikuwa mwiba wa Nyuki wetu.

"Ni wangu!" akalia. "Nguo hii ni yangu! Nilizaliwa kwa ajili yake!"

Fisi akacheka, kwi-kwi-kwi. "Mlinzi wa kula upepo leo kapata mlo."

Korongo hakucheka. Akamwambia, "Nyuki, sheria ni hii. Kabla sijakuruhusu, nitakuuliza, nawe utajibu kweli. Umepata kuiona nguo hii kwa mtu yeyote wa nchi hii?"

Nyuki akafikiri. Hakutaka kusema uongo, wala hakuusema. Akalikumbuka Ini: nguo yake si hii. Akazikumbuka Figo: si hii. Akaufuata mto kwa mawazo mpaka Moyoni, akamwona Njiwa. Aliyaona macho yake. Aliona shingo inavyong'aa. Akasikia, "Pita, nafunga." Nguo haikuja.

"Sijaiona," akasema.

"Apa."

"Naapa kwa mji niliozaliwa."

"Basi, zaa," akasema Korongo.

Nyuki akazaa. Alizaa pale pale, na mabinti wakazaa mabinti, hata Mtoki wa shingo ukavimba, Mize akiugusa akasema "aa!" Mabinti wote walikuwa na mwiba mmoja, wa mama yao. Maisha yao yalikuwa mafupi, hakukuwa na wakati wa kuwafundisha mengi. Nyuki akawafundisha wimbo.

Naijua nguo, sura siijui. — Zzz!

Wakatoka. Vuuu! Wakafika kwenye Mafindo, wakawachoma Tandu. Kila aliyechomwa, Fisi akamla. Vita ikageuka. Homa ikashuka. Mize akaomba uji, kisha akaomba wali.

"Nilikwambia nini?" akasema Bi Mwanakheri. "Koo hilo limepona."

Na kweli, kwa macho ya mtu lilikuwa limepona. Lakini Tandu wachache walikuwa wamejibanza katika mikunjo ya Mafindo. Hawakupigana. Walikaa tu. Na kwa kuwa walikaa, nguo yao ilizidi kufika kituoni, na kwa kuwa nguo ilizidi kufika, Korongo alizidi kusema "zaa", na mabinti wa Nyuki wakazidi kuzaliwa. Wakawa wengi kuliko vita. Wakajaa mitoni, miiba imesimama, hawana wa kumchoma.

Siku moja Mize alikuwa anaruka kamba uani. Mabinti wa Nyuki wakachukuliwa na mto, wakafika Moyoni.

Dup-tap. Dup-tap.

"Karibuni, wanangu," akasema Njiwa. "Mmefanana na somo yangu kama maji na maji. Piteni."

Hawakupita.

"Simama! Nguo hiyo umeipata wapi?"

"Nguo ipi? Hii? Hii ni ya kazi. Nilizaliwa nayo."

"Adui husema hivyo hivyo."

Njiwa akajitazama. Nguo yake ilikuwa ya mistari: mstari mwekundu, mwembamba, na ukingo wa manjano. Alikuwa nayo tangu nchi ilipoumbwa. Tandu waliivaa baadaye, au walijaaliwa hivyo. Hilo silijui, na nisilolijua silisemi.

"Wanangu," akasema, "mimi siwezi kusogea. Nikiacha mlango, nchi yote inakufa. Mwiteni mama yenu. Mama yenu ananijua."

"Mama yetu ndiye aliyetufundisha."

Wakamchoma.

Walimchoma bawa la kulia na bawa la kushoto. Naye chini ya miiba alifungua, akafunga, akafungua, akafunga. Fisi akasikia harufu, akaja mbio. Hakuuliza. Palipochomwa ndipo anapokula, ndivyo alivyoamriwa. Akauma ukingo wa bawa. Mabinti wengine wakaenda magotini, wakaenda viwikoni, wakadhani wameiona nguo ile, wakachoma huko nako. Mize akaangusha kamba. Leo goti la kulia limevimba. Kesho limepoa, limevimba la kushoto. Na homa ikarudi.

Nyuki alikuwa mbali alipousikia mlango. Alikuwa anausikia kila siku ya maisha yake. Dup-tap. Dup-tap. Dup...

Akaingia mtoni, vuu!

Akafika. Akaona.

"Acheni!" akapiga ukelele. "Acheni! Huyo ni Njiwa!"

"Njiwa ndiye nani?"

"Ni bawabu! Ni somo yangu! Tazameni uso wake!"

Mabinti wakageuka, wakamtazama mama yao. Hawakuwa wabaya. Walikuwa watoto watiifu, na walishangaa.

"Uso, mama? Wewe ulituimbia: sura siijui."

Nyuki akajitupa katikati, akamsukuma huyu, akamvuta yule, lakini walikuwa wengi, na mwiba wao ulikuwa wake. Wakachoma mpaka miiba ikaisha. Wakaanza kufa, mmoja mmoja, kwa kuwa maisha yao yalikuwa mafupi. Wakadondoka kwenye maji mekundu kama maua ya mkorosho, na mto ukawachukua. Nyuki aliwapoteza mabinti zake siku ile ile somo yake alipojeruhiwa, wala hakujua amlilie nani kwanza.

Nje, Bi Tufaha alimbeba Mize mgongoni mpaka hospitali, maana kutembea hakuweza. Daktari akaweka chombo chake kifuani, akasikiliza. Akasogeza, akasikiliza tena. Hakuwa na haraka, na hilo likamtisha mama.

"Daktari, mtoto anaumwa goti. Moyo wa nini?"

"Kabla ya goti, aliumwa koo?"

Bi Tufaha akamtazama mama yake. Bi Mwanakheri akatazama sakafu.

"Aliumwa," akasema bibi kwa sauti ndogo. "Lakini lilipona. Wallahi lilipona."

"Lilipona, bibi. Tatizo limehamia kwenye mlango wa moyo, na mlango huo sina dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Nina dawa ya kumzuia adui asirudi tena kooni. Atachomwa sindano kila mwezi, kwa miaka mingi. Msiikose hata mara moja."

Bi Mwanakheri akavua mtandio wake, akamfunika mjukuu wake miguu.

Dawa ikaingia nchini. Tandu wa mwisho wakafa mikunjoni. Nguo ikaacha kufika kituoni. Korongo akanyamaza. Mabawa ya Njiwa yakapona, lakini yalipona kwa kovu, na kovu halikunjiki. Bawa likawa gumu, ukingo ukajikunja, na mlango ukawa hauwahi kufunga. Maji yakawa yanarudi nyuma. Nanyi mkiweka sikio kifuani pa Mize mtasikia: dup-shwaa-tap. Dup-shwaa-tap.

Nyuki hakufa. Katika kila ukoo wa nyuki hubaki mmoja anayekumbuka, naye huishi muda mrefu kuliko wote. Akamwendea Korongo.

"Bwana, niondolee nguo hii kichwani."

"Haiondoki. Na hata ingeondoka, nisingeiondoa. Ukiisahau, Tandu wakirudi watatukuta tumelala."

"Na nisipoisahau?"

Korongo akasimama kwa mguu mmoja. Kisha akabadilisha, akasimama kwa mguu wa pili.

"Tuombe wasirudi," akasema. "Tuombe sindano isikosekane."

Nyuki akaondoka. Njia ni moja. Kila aliye mtoni atapita Moyoni. Akakunja mbawa zake zisivume, akajiachia kwenye maji kama jani.

Dup-shwaa-tap.

"Nani huyo anayekuja bila kelele?"

Nyuki akazidi kuzikunja mbawa zake.

"Nimeuliza, nani?"

"Ni mimi."

Mlango ukajifungua mara, ukarudi mara, na maji yakalia shwaa. Njiwa alikuwa amechoka. Manyoya ya shingo hayakung'aa tena.

"Pita, somo," akasema. "Pita polepole. Siku hizi sifungi."

Hapo Nyuki, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akaitazama nguo ya Njiwa. Mstari mwekundu, mwembamba. Ukingo wa manjano. Na mwiba wake ukasimama wenyewe, twaa! Akaushika kwa miguu yake yote, akaukandamiza chini, akageuza uso, akapita.

Ndivyo anavyopita mpaka leo. Wenzake wakiimba vituoni, yeye haitikii.

Wasikilizaji wangu, wadogo kwa wakubwa, mafunzo yake ni haya. Mlinzi azijue kwanza sura za watu wake, ndipo afundishwe nguo za adui. Asiyezijua atamchoma wa kwake kwa kiapo cha kweli. Na adui akibisha mlangoni, aondolewe siku ile ile, maana akiachwa akae, watakaoumia si yeye. Basi koo la mtoto msilidharau.

Hadithi yangu imefika kwenye mlango usiofunga, nami hapo nimeiacha.